Maneno Manane katika Kitabu cha Wageni

Jina la Mama Mtupishe halikutungwa na watu waliomchukia Teodora Ndalahwa. Lilitungwa na watu aliowahi kuwatoa nje.

Katika nyumba nyingi za wapangaji pale Kirumba, vyumba sita au vinane huuzunguka uwanja mmoja, na mgeni wa mmoja huwa mgeni wa wote. Afisa wa serikali akiingia na mkoba wake, majirani hujongea kila mmoja na stuli yake. Hawana nia mbaya. Wamezoea kusaidiana kusikia. Teodora, ambaye ni afisa ustawi wa jamii, aliwasalimia wote kwa zamu, mkubwa kwanza, akawauliza habari za wagonjwa na za wanafunzi, kisha akasema kwa sauti ile ile ya salamu, "Sasa naomba mtupishe kidogo." Baada ya hapo alinyamaza. Hakurudia, hakukunja uso, wala hakuanza kazi mpaka stuli ya mwisho ilipoondoka.

Alimtoa mwenyekiti wa mtaa. Alimtoa mchungaji aliyefika kuiombea nyumba. Alimtoa mume mmoja aliyeeleza kwa kirefu kwamba yeye na mkewe ni mwili mmoja; Teodora akamjibu kwamba angeanza kuzungumza na nusu moja ya mwili huo, na nusu ya pili ingepata zamu yake. Wauza dagaa wa Mwaloni walipenda kusimulia kwamba hata kuku anayeatamia chini ya kitanda angeombwa apishe. Hivyo jina likashika, na mwenyewe hakulikataa. Alisema kwamba mtu akimwita hivyo, angalau ameshajua kinachofuata.

Nilimfundisha katika darasa la tano na la sita, kwenye shule ya kijiji upande wa Magu, ambako wazazi wake walilima pamba na mpunga. Alikuwa mtoto wa kupiga mstari wa pambizo kwanza ndipo aandike. Baada ya sekondari alisomea ustawi wa jamii Dar es Salaam, akarudi Mwanza, na sasa anamaliza mwaka wa ishirini na mbili kazini. Ameolewa na dereva wa lori, wana watoto wawili wakubwa, na mumewe hutania kwamba habari za mji huzipata kwa kinyozi, kwa kuwa nyumbani kwake hazipatikani. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kusikia mkewe akitaja jina la mteja hata mmoja. Ndiyo maana yaliyotokea mwaka juzi yalimuumiza Teodora kuliko ambavyo yangemuumiza mtu mwingine.

Haya nimeruhusiwa kuyaeleza. Familia inayohusika imesomewa na imekubali; majina yao nimeyabadili, na mtaa wao sitautaja.

Yakobo ni fundi wa mashine za mitumbwi. Mkewe, Evelina, ni fundi cherehani. Walikuwa wameoana miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo Evelina alipoteza mimba tatu. Hatimaye waliomba mtoto wa kuasili, wakachunguzwa, wakakabidhiwa mtoto wa kike wa miezi mitatu aliyeachwa akiwa mchanga na ambaye hakuna ndugu yake aliyepatikana. Walimwita Rose. Kwa utaratibu wa sheria, familia hukaa kwanza na mtoto kama walezi, afisa ustawi huwatembelea na kuandika ripoti, na mwishowe mahakama ndiyo huamua kama mtoto awe wao moja kwa moja. Afisa wao alikuwa Teodora.

Wiki ile ile waliyomchukua Rose, Yakobo na Evelina walihama kutoka kata nyingine wakaja Kirumba, ili majirani wapya wawakute wakiwa watu watatu tayari. Teodora alilijua hilo na aliliona kuwa haki yao. Kwa maelezo yake, habari ya asili ya mtoto ni mali ya mtoto mwenyewe. Waliomlea ndio wanaopaswa kumweleza, kwa umri na kwa maneno yanayomfaa, kabla hajaelezwa na watu wa njiani. Kwenye fomu kulikuwa na swali kama ndugu wa pande zote wanajua na wameridhia. Walijibu kwamba ukoo unajua na umeridhia. Teodora aliandika walivyosema.

Rose alipokuwa amekaribia kutimiza mwaka na nusu, zilibaki wiki chache tu kabla ya ripoti ya mwisho. Siku moja ya Jumanne, Teodora alikwenda kuwatembelea. Kama ilivyo desturi, afisa yeyote akiingia mtaani hupitia kwanza ofisi ya mtendaji wa mtaa na kusaini kitabu cha wageni: tarehe, jina, unakotoka, sababu ya kuja, saini. Kwa miaka mingi, kwenye safu ya nne Teodora aliandika neno moja tu, "Kikazi."

Mtendaji wa wakati huo, Maige, alikuwa kijana mpya, nadhifu, aliyekipigia kitabu chake mistari kwa rula. Alimwomba radhi na kumweleza kwamba neno hilo halikubaliki tena. Waliokuja kukagua ofisi walikuwa wamesema sababu iandikwe kwa ukamilifu. Papo hapo simu ya Teodora ikaita. Polisi walikuwa wameokota mtoto aliyepotea stendi na walimtaka afike haraka. Teodora akaibana simu kati ya bega na sikio, akaiegemea meza, na huku akiuliza mtoto ana umri gani na amevaa nini, akaandika kwenye safu ya nne: "Kufuatilia mtoto wa kuasili, kwa Yakobo fundi mashine."

Yalikuwa maneno manane. Akasaini, akaondoka.

Msomaji anajua jinsi vitabu hivyo vinavyokaa: wazi juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mtu. Na anajua kwamba kila anayesaini husoma kwanza waliomtangulia. Hatuhesabu kuwa ni umbea. Ni kama kuangalia nani amepita njia hii. Maige, kwa unadhifu wake, alimtaka kila aingiaye asaini, mgeni kwa mwenyeji. Ijumaa alifika Mama Chenge, mpangaji wa uwanja ule ule wa kina Yakobo, kuomba barua ya utambulisho kwa ajili ya kijana wake aliyetaka kufungua akaunti benki. Mstari wake ulikuwa wa tatu chini ya ule wa Teodora.

Kesho yake, kwenye bomba, Evelina alikuwa akisubiri ndoo zake zijae. Wanawake watano walikuwepo.

"Mama Rose," Mama Chenge alimwita, "hivi ulituambia ulijifungulia hospitali gani vile?"

"Kwani vipi?"

"Basi tu. Naona wengine tunabeba miezi tisa mpaka miguu inavimba, wengine wanaletewa na serikali mlangoni."

Wawili walicheka. Mmoja alijifanya anakaza mfuniko wa dumu. Evelina alibeba ndoo moja iliyokuwa imejaa, akaiacha ya pili chini ya bomba, na tangu siku hiyo mlango wa chumba chake ulifungwa hata mchana. Wateja wa cherehani walipiga hodi wakaondoka.

Kama habari ingeishia uwanjani pale, huenda ingepoa. Lakini Mama Chenge ana dada anayeuza vitenge kwenye gulio la Magu, na kijiji cha mama yake Yakobo kiko mwendo mfupi kutoka hapo. Alhamisi ya pili baada ya hapo, asubuhi, Yakobo alipigiwa simu na mama yake, Bibi Rebeka. Bibi hakusalimia. Alisema kwamba angefika Jumapili, na kwamba mtoto awepo.

Saa tano ya siku hiyo, Evelina aliingia ofisini kwa Teodora akiwa na Rose mgongoni. Alikataa kiti.

"Kirumba nzima waliojua ni mimi na mume wangu. Wa tatu ni wewe."

Teodora alimwambia kwamba hakumweleza mtu yeyote. Alilisema kwa utulivu wa mtu mwenye hakika, na akaongeza kwamba labda ni mtumishi wa kituo cha watoto alikotoka Rose, au karani fulani aliyeona majalada. Alikusudia kumfariji. Evelina alimkaza mtoto kitenge, akatoka bila kuaga.

Adhuhuri ile Teodora hakula. Alichukua daftari lake la safari na karatasi safi, akapiga mistari, akaanza kuandika siku kwa siku: alikwenda wapi, alizungumza na nani, aliacha karatasi gani. Alifanya hivyo, aliniambia, akitafuta kosa la mtu mwingine. Alipofika Jumanne ile aliandika "ofisi ya mtaa", akaandika "Maige", na kwenye sehemu ya karatasi alizoziacha akaandika "nilisaini kitabu". Hapo akaiweka kalamu chini.

Ijumaa asubuhi alikuwa mtu wa kwanza kuingia kwa mtendaji. Alikifungua kitabu mwenyewe, akahesabu mistari, akakuta mwandiko wake, na chini yake, mstari wa tatu, jina la Mama Chenge. Maige alisoma pamoja naye, akaelewa, na uso ukambadilika. Alikuwa kijana mwenye huruma. Alikiangalia kikombe chake cha chai.

"Mama, kitabu hiki ni changu. Chai ikimwagika hapa leo, hakuna atakayeuliza."

Teodora alimkataza. Maige akapendekeza waseme kwamba aliyeandika ni mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo. Hilo nalo Teodora akalikataa. Alichomwomba ni kwamba ukurasa ufunikwe kwa karatasi, kitabu kiwe kinakaa ndani ya droo na kutolewa kwa mtu mmoja mmoja, na maofisa wa ustawi, wa afya na wa polisi waandike sababu ya jumla tu. Wakaguzi wakiuliza, aelekezwe kwake kwa barua. Barua hiyo aliiandika pale pale na kuigonga mhuri mchana wake.

Mkuu wake wa kazi alimsikiliza mpaka mwisho. Alimshauri kama rafiki: jalada lihamishiwe kwa Mashimba, ofisa mwenzake, Teodora asionekane tena Kirumba kwa miezi michache, na asiweke lolote kwenye maandishi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ushahidi wa kumfikisha popote. Teodora alimshukuru, akamkabidhi barua ya ukurasa mmoja aliyokuwa amekwisha kuiandika, inayoeleza aliandika nini, wapi, lini, nani alidhurika, na kwamba siku moja kabla alikuwa amemkana mteja aliyesema kweli. Mkuu alimwonya kwamba barua ikishaingia kwenye jalada haitoki. Teodora alisema kwamba anajua. Evelina akija kutaka kujua siku yoyote, alisema, aikute.

Saa tisa alibisha hodi kwa Evelina. Rose alikuwa amelala. Evelina alikuwa nyuma ya cherehani, kitambaa kiko chini ya sindano lakini mguu haukanyagi.

"Nimekuja kukuambia kwamba ni mimi," Teodora alisema, na akamweleza kila kitu, hata simu iliyokuwa begani, ingawa aliongeza kwamba simu siyo kisingizio.

Evelina alikitoa kitambaa chini ya sindano. "Jana ulinitazama usoni ukakataa."

"Nilikataa. Nilikuwa na hakika, na hakika yangu ilikuwa ya bure. Kwa hilo pia naomba radhi."

Akatoa karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa: jina la mkuu wake, namba ya simu, na mahali pa kupeleka malalamiko. Alimweleza kwamba ana haki ya kupewa ofisa mwingine, na kwamba kuomba hivyo hakungemdhuru mtoto wala ombi lao. Evelina aliisoma karatasi, akaikunja mara nne.

Ndipo naye akasema lake. Ukoo haukujua. Walimwambia Bibi Rebeka kwamba Evelina alijifungua, na kwamba waliificha mimba na kunyamaza miezi mitatu ya kwanza kwa hofu, baada ya zile mimba tatu zilizopotea. Bibi aliamini. Alikuja, akakaa wiki nzima, akambeba mtoto, akampa jina la mama yake mzazi, Minza. Sasa Jumapili anakuja, na Evelina alijua atakachosema: mrudisheni mlikomtoa. Na Yakobo hajawahi kumpinga mama yake kwa jambo lolote.

Teodora alielewa wakati ule ule uzito wa alichosikia. Fomu aliyoisaini yeye ilisema kwamba ndugu wameridhia. Ripoti ya mwisho ilikuwa inasubiriwa na mahakama.

Evelina alimsogelea, akapunguza sauti.

"Tusaidiane, dada. Hili la kwangu usiliandike. La kwako sitalipeleka popote. Tuyafute yote mawili, mimi nibaki na mwanangu, wewe ubaki na kazi yako."

Kwa miaka yangu ya kufundisha nimewaona watu wazuri wakikubali mapatano mepesi kuliko hayo, na sikuwahukumu. Teodora aliniambia kwamba alimtazama mtoto aliyelala, mkono umefunguka juu ya shuka. Alijua kwamba ripoti yenye ukweli huo ingeweza kumfanya hakimu asite. Alijua pia kwamba anayemwomba ni mtu aliyedhuriwa na kalamu yake mwenyewe.

"La kwangu nimekwisha kuliandika, Mama Rose. Limo kwenye jalada tangu asubuhi. Kwa hiyo hatuna cha kubadilishana. Na lako nitaliandika. Lakini ripoti ni mwisho wa mwezi, leo ni tarehe kumi na mbili. Naweza kuandika kwamba mlificha. Au naweza kuandika kwamba mlificha, kisha mkamwambia mama kwa midomo yenu, akajibu hivi na hivi. Nitaandika kitakachokuwa kimetokea."

"Na akisema arudishwe?"

"Nitaandika hivyo pia, pamoja na niliyoyaona katika nyumba hii kwa mwaka mzima. Hayo nayo ni kweli."

Evelina alilia, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Kisha akaomba jambo moja: Jumapili aje. Teodora alikubali kwa sharti kwamba angeeleza kosa lake mwenyewe tu. La kwao wangelisema wao.

Jumapili saa nne asubuhi, Bibi Rebeka alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mwanamke mwembamba, mnyofu wa mgongo, na pembeni yake mfuko wa mchele wa Magu, kwa kuwa hata akija na hasira hawezi kuja mikono mitupu. Mtoto alikuwa ndani ya chumba, anacheza na vifungo. Yakobo alisimama karibu na kabati kama mtu anayesubiri kuitwa.

Teodora alivua viatu, akapiga goti kidogo. "Mwangaluka mayu," alimsalimia kwa Kisukuma, na Bibi aliitika kwa sababu salamu haikatazwi. Halafu akamkagua.

"Wewe ndiye uliyemwandika mjukuu wangu kwenye daftari la serikali, asomwe na wauza nyanya?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Bibi alikuwa amejiandaa kwa maelezo. Teodora alimwambia kosa lake kwa maneno machache, akaomba radhi, akanyamaza. Kimya hicho kilimkera Bibi, maana hakikumpa pa kushika. Alivuta ungo, akamimina mchele kutoka mfukoni, akamsukumia.

"Mikono yako imekaa bure. Chagua. Na wewe mkwe, sema. Nimepanda gari tangu alfajiri nisikie kwako, siyo kwa dada yake Mama Chenge."

Evelina alianza vibaya. Alianza na fomu, na mahakama, na sheria, na Bibi akamwambia kwamba hakuja kusikiliza redio. Akaanza upya. Alitaja mimba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwaka wa kila moja. Alimkumbusha mama mkwe wake kwamba mara zote tatu alikuja kutoka kijijini, akampikia uji kwa wiki kadhaa, akamfulia, wala hakumuuliza neno. "Mara ya nne niliona aibu kukwambia kwamba nimechoka kujaribu," alisema. Kisha akakwama. Teodora, aliyekuwa na maneno matatu au manne yanayofaa kabisa, aliinamisha kichwa akatoa jiwe kwenye mchele, akatoa jingine.

Aliyemalizia ni Yakobo. Aliketi chini mbele ya mama yake. "Rose hatukumzaa, mama. Tulipewa. Tulikudanganya, na uongo ule ulikuwa wazo langu."

"Nilikuja hapa nikambeba," Bibi alisema. "Nikampa jina la mama yangu. Mlikuwa mmekaa hapo na hapo, mnanitazama, mkanyamaza."

"Tuliogopa ungemkataa."

"Hamkunipa nafasi ya kumkataa wala ya kumkubali. Mlinifanya kipofu."

Bibi alimgeukia Teodora. "Waliomzaa wako wapi?"

"Walitafutwa, mama, hawakupatikana. Mengine yaliyoandikwa ni yake mwenyewe. Atayasoma akikua."

"Hata mimi siambiwi?"

"Hata wewe, mama."

Bibi aliguna. "Leo ndiyo umejua kunyamaza." Lakini hakulisema kwa ukali wa mwanzo.

Wakati huo mtoto alitoka chumbani, anayumba kwa hatua zake fupi, ana kijiko mkononi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ungo, akachota mchele, akaumwaga miguuni kwa Teodora, akachota tena.

"Minza, acha," Bibi Rebeka alisema, bila kugeuka vizuri, jinsi mtu anavyomkanya mtoto aliyemzoea. Wote watatu wakamtazama. Aliwaona wanavyomtazama, akavuta kanga yake begani.

"Mnanitolea macho ya nini? Jina nimekwisha kulitoa. Niende kaburini nimwambie mama kwamba nimemnyang'anya mtoto mdogo?" Akamvuta Rose, akamkalisha mapajani, akamtoa punje za mchele kwenye vidole. "Ninyi wawili bado sijamaliza nanyi. Nitakaa hapa wiki mbili, na kila siku mtanisikia."

Baadaye kidogo alitoka na ndoo kwenda bombani, mtoto ubavuni, ingawa maji yalikuwepo ndani. Mama Chenge alikuwa uwanjani anaanua nguo. Bibi alimsalimia kwa heshima zote, akamwambia kwa sauti ya kufika vyumba vyote vinane kwamba amekuja kumsalimia mjukuu wake aliyeletwa na serikali, tena kwa barua yenye mhuri. Kisha akauliza kama kijana wake, yule wa akaunti ya benki, naye ana barua, au alikuja tu. Mtu mmoja alicheka ndani ya chumba, na safari hii hakumcheka Evelina.

Ripoti ilieleza yote: uongo kwenye fomu, jinsi ulivyosahihishwa, maneno ya Bibi Rebeka, na kosa la ofisa. Evelina aliomba Mashimba aisome na kuisaini pamoja na Teodora, na Teodora aliona ni ombi la haki. Hakimu aliuliza maswali mengi kuhusu uongo ule, akaahirisha mara moja, na shauri liliposikilizwa tena alimpa Rose wazazi wake. Teodora alipewa barua ya onyo, ambayo imo kwenye jalada lake mpaka leo. Evelina bado humsalimia wakikutana sokoni. Siyo salamu ya zamani, na Teodora hajawahi kuidai.

Lakini Jumapili ile, Bibi alipokuwa nje na Yakobo amekwenda kununua mkaa, wanawake wawili walibaki chumbani. Evelina aliwasha jiko la mafuta, akabandika sufuria ya maji. Teodora alikusanya punje zilizomwagika miguuni, akazirudisha. Aliutandaza mchele upande mmoja wa ungo, akausogeza kidogo kidogo kwa kidole kuelekea upande wa pili, akatoa jiwe, akatoa punje nyeusi, akatoa ganda. Alipofika mwisho aliupepeta mara mbili, akapuliza makapi, akaukagua tena kwenye mwanga wa mlangoni.

"Umekwisha," alisema, akamkabidhi Evelina ungo.